Kiti Nilichokichagua kwa Macho

Veneranda alizikwa Jumanne, na mimi nilifika Nansio Jumatano. Watu waliniuliza kama meli ilichelewa, nikasema ndiyo, lakini meli haikuchelewa. Habari niliipata tangu Jumapili, kwa simu ya mwalimu mmoja tuliyesoma naye chuo, na siku mbili nzima nilikaa nyumbani kwangu Kiseke nikipanga na kupangua begi lenye mashati mawili. Nina miaka sitini na miwili, mgane mwenye wajukuu, na bado kulikuwa na watu katika kisiwa kile ambao sikuweza kuwatazama usoni tangu nikiwa na miaka ishirini na sita. Ili ieleweke kwa nini, sina budi kurudi kwenye mwaka mmoja tu, mwaka niliopanga chumba Pasiansi nikifundisha shule ya msingi iliyokuwa nje ya mji, upande wa Igombe, na kwenda kazini kwa baiskeli.

Nyumba ilikuwa ya Mama Zuhura, mama wa mjini ambaye wazee wake walifika Mwanza na biashara ya vitambaa zamani sana, hata yeye mwenyewe hakujua tena kabila lao lilianzia wapi. Vyumba sita vilitazamana kwenye korido moja. Kuta hazikufika juu. Ziliishia njiani, na juu yake palitandazwa dari la magunia lililotobolewa na panya. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anasema pole. Changu kilikuwa na kitanda cha futi tatu na nusu, meza iliyojaa madaftari ya wanafunzi, na dirisha dogo lililoingiza harufu ya dagaa walioanikwa. Baiskeli nililala nayo ndani kwa kuogopa wezi. Alfajiri Mama Zuhura alibisha, akanipa kikombe cha chai ya tangawizi na vitumbua viwili, akasema, "Kula, mwalimu, njia ni ndefu." Ilikuwa ndefu kweli. Lami iliishia upande wa uwanja wa ndege, baada ya hapo ni changarawe na mawe, saa nzima na zaidi kwenda, na kurudi zaidi ya hapo, kwa sababu jioni upepo wa ziwa ulinikabili kifuani.

Baiskeli yenyewe niliuziwa na mwalimu aliyekuwa anastaafu. Ilikuwa nyeusi, nzito, na kiti chake kilikuwa cha ngozi, kipana kama sinia dogo, chenye springi mbili nyuma. Ngozi ilikuwa imebonyea mahali pawili kwa miaka mingi ya kukaliwa na yule mzee. Nilikitazama nikaona aibu. Nilikuwa kijana, nimenyoa vizuri, nina cheti cha ualimu ambacho wino wake bado mbichi, na nilikuwa nimekwisha kumpata mchumba. Sikutaka kukalia alama za makalio ya babu wa watu. Nikaenda kwa Bahati, fundi Msukuma mwenye kibanda njia panda pale Pasiansi. Viti vya baiskeli alivitundika kwenye waya kama samaki wa kukaushwa. Nikanyoosha kidole kwenye kimoja chembamba, cheusi cha kung'aa, chenye pua ndefu.

"Hicho cha mashindano," Bahati akasema. "Vijana wa mbio ndio wananunua."

"Nifungie hicho."

"Mwalimu, siti haichaguliwi kwa macho. Kaa kwanza. Zunguka nayo mpaka pale mashine ya kusaga, urudi, uniambie."

"Nitakaa njiani."

Akafuta mikono kwenye suruali, akanitazama. "Hii inamtaka mtu anayeinama, anayekimbia. Wewe unakwenda kazini umekaa wima. Uzito wako wote utaangukia hapa mbele." Akagusa pua ya kiti.

"Funga tu, Bahati."

Akafunga. Aliniuliza kama pua ailaze au aiinue, nikamwambia ainue kidogo, kwa sababu niliona ndivyo inavyopendeza. Kile cha ngozi nilimwachia hapo hapo, wala sikugeuka nyuma.

Wiki mbili za kwanza niliumia mpaka nikawa nafundisha nimesimama kutwa. Nilikunja khanga kuukuu aliyonipa Mama Zuhura nikaifunga juu ya kiti, kisha nikaitoa kabla ya kufika njia panda, Bahati asije akaiona. Wiki ya tatu maumivu yakaisha. Pale palipokuwa pakiuma pakawa hapana habari yoyote. Nikishuka shuleni nilihisi kama sehemu ile ya mwili ni ya mtu mwingine, mpaka kipindi cha pili kilipokwisha ndipo inarudi, kwa michomo kama ya sindano. Nilifurahi. Nilimpungia Bahati mkono nikapaza sauti, "Nimeshazoea!" Leo naikumbuka furaha ile kwa uchungu. Mwili ulikuwa umenyamaza, mimi nikadhani umekubali.

Veneranda alikuwa anafundisha kwao Nansio. Tulijuana chuoni, ambako alisifika kwa kuigiza sauti za wakufunzi mpaka wao wenyewe wakacheka. Alicheka kwa nguvu, halafu ndipo akumbuke kuziba mdomo. Mwaka uliotangulia dada yake mkubwa alifariki kwa Ukimwi, na Veneranda ndiye aliyemuuguza miezi saba, akimwogesha na kumlisha. Wakati ule hapakuwa na dawa, na jina la ugonjwa lenyewe watu hawakulitamka. Walisema "ugonjwa huu wetu" kisha wakatazama pembeni. Mimi nililijua jambo hilo tangu mwanzo, yeye mwenyewe aliniambia, na halikunisumbua. Pasaka nilivuka na baba yangu mdogo kwenda kukamilisha posa. Ng'ombe wawili na mbuzi walikwisha kununuliwa kule kule kisiwani. Tulilishwa sato wa kuchemsha kwa ndimu na ugali wa muhogo, halafu machungwa, sinia zima. Generoza, mdogo wake wa miaka kumi na tisa, alitunawisha mikono akaniita shemeji kwa mara ya kwanza, huku akijizuia kucheka. Nilipotoka kwenda uani nikasikia shangazi zao wakisemezana jikoni.

"Huyu mwalimu anajua?"

"Anajua nini?"

"Ya marehemu."

"Akijua utamwona tena hapa?"

Nilitabasamu peke yangu, nikapita. Niliona ni maneno ya wanawake wa jikoni. Sikupima uzito wake, wala sikujiuliza Veneranda aliyasikia mara ngapi kwa wiki.

Ndoa ilipangwa likizo ya Desemba. Ilikuwa mwezi wa sita nilipogundua kwamba kwa siku nyingi sasa, nikiamka, mwili wangu hauamki nami. Nisameheni, sina namna nyingine ya heshima ya kulisema. Kwanza nilidhani ni uchovu. Nikalala mapema, nikala karanga, nikala mihogo mibichi kama vijana wanavyoshauriana, na hali ikabaki ile ile. Baiskeli sikuifikiria hata kidogo. Kiti kilikuwa hakiumi, na kisichouma hakiuliziwi. Jioni moja nilikuwa nasahihisha madaftari nikasikia kupitia dari Mama Zuhura akizungumza na jirani yake kuhusu bwana mmoja wa mtaani aliyeachwa na mkewe.

"Mwanaume jina," jirani akasema.

"Maskini, na suti ya harusi alishona."

Wakacheka, si kwa ubaya, kama watu wanavyocheka wakichambua mchele. Nikaweka kalamu chini. Nakumbuka daftari lililokuwa mbele yangu lilikuwa la hesabu, na nililipa alama zote bila kulisoma. Siku iliyofuata nilikwenda soko la Kirumba, nikanunua unga wa mizizi kwa mzee mmoja aliyeapa kwamba umewasaidia hata wakubwa serikalini. Niliunywa kwenye uji siku tisa. Moyo ulinidunda mpaka nikawa nasikia mapigo masikioni, na mengine hayakubadilika. Basi nikaamua moyoni kwamba nimekwisha.

Barua za Veneranda ziliendelea kuja, ndefu, zimejaa vituko vya shuleni kwake. Zangu zikawa fupi. Mwezi wa nane alikuja mwenyewe kununua vitambaa vya harusi, akafikia kwa ndugu yao, na mchana akaja Pasiansi kunisalimia. Mama Zuhura alipika pilau, akatuachia mlango wazi kama ilivyostahili. Veneranda alikaa kwenye kiti changu pekee, mimi kitandani. Hatukula sana. Alinionyesha vitambaa, halafu akavikunja taratibu, akanishika mkono juu ya kiwiko. Nikautoa mkono wangu. Sikuutoa kwa nguvu, lakini niliutoa.

"Respis," akasema, "kuna jambo umelisikia?"

Nilidhani anajua. Nilidhani mzee wa Kirumba amesema, au kuta zile zimesema.

"Jambo gani?"

"Lolote. Kama umelisikia, niambie mimi mwenyewe. Nitakujibu."

"Sijasikia kitu."

"Mbona hunitazami?"

Nikatazama baiskeli iliyoegemea ukutani. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na nilikuwa nimeipanga kichwani kwa miezi miwili kwa kila namna, ya kitabibu, ya kimasihara, ya kilio. Hakuna iliyotoka. Koridoni Mama Zuhura aliangusha sufuria, tukashtuka wote wawili, na Veneranda akasimama akasema gari la kurudi alikofikia litamwacha. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Hakuziba mdomo siku hiyo, maana hakucheka.

Wiki iliyofuata nikamwandikia mistari mitatu. Nilisema nimeona tusiendelee. Nilisema yeye hana kosa lolote. Nilisema sababu sitaitaja, anisamehe. Niliona nimeandika barua ya kiungwana. Ng'ombe na mbuzi sikuwadai, na hilo pia nililiona la kiungwana. Baba yangu mdogo alipofoka nilimwambia ni mali yangu, nimeiacha. Ilinichukua miaka thelathini na sita kujua uungwana ule ulifanya nini.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi nikaota jipu mahali pa kukalia, nikashindwa kabisa kupanda baiskeli. Nilikwenda zahanati nikiisukuma kwa mkono. Tabibu alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alilipasua jipu, akalisafisha, kisha, huku akiwa amenipa mgongo ananawa, akauliza kama anayeuliza habari za mvua: "Na ganzi unapata?"

"Naipata, Dokta."

"Na asubuhi?"

Nikauzika uso kitandani. Akageuka. "Tangu lini, kijana wangu?"

Nikamwambia. Alikuwa mtu wa kwanza, na nilimwambia nimelala kifudifudi, uso wangu kwenye mpira wa kitanda, nikilia. Aliniacha nilie. Halafu akasema nimwonyeshe baiskeli. Tulitoka nje, akaibonyeza pua ya kile kiti kwa dole gumba, akatikisa kichwa.

"Mungu alikupa mifupa miwili ya kukalia," akasema. "Wewe umekaa katikati yake, palipopita mishipa. Kila siku unaikanyaga saa mbili, saa tatu. Toa kitu hiki. Tembea kwa miguu mpaka Krismasi. Utapona."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Nimesikia habari nyingi mbaya maishani, nimezika mke, lakini hakuna maneno yaliyowahi kuniangusha kama yale matatu. Nilikaa chini kwenye ngazi za zahanati, na jipu langu, nikakaa.

Bahati hakunicheka nilipompelekea kiti chake. Cha ngozi alikwisha kukiuza. Alinipeleka nyuma ya kibanda, palipokuwa na mchanga wa ujenzi, akaumwagia maji, akausawazisha kwa ubao. "Kaa," akasema. Nilikaa nikainuka. Mchangani palibaki vishimo viwili. Akapima kwa kijiti kutoka kishimo hadi kishimo, akakivunja kijiti palepale, akaenda nacho kwenye waya, akawa anakilaza juu ya kiti kimoja kimoja mpaka akapata ambacho upana wake nyuma ulikizidi kijiti kidogo. Kilikuwa cha kawaida kabisa, rangi ya kahawia, hakina uzuri wowote. Akakifunga, akaweka ubao juu yake na chupa ya maji juu ya ubao, akakilaza mpaka maji yakatulia sawa. Kazi yote haikuchukua hata nusu saa. Mwaka mzima ulikuwa umenipita kwa kukosa nusu saa ile.

Tabibu alisema kweli. Wiki moja kabla ya Krismasi niliamka nikiwa mzima, nikajifunika shuka uso nikalia tena, safari hii kimya, kwa sababu ya dari. Siku mbili baadaye nilipanda meli kwenda Nansio. Njiani nilijirudia sentensi yangu, na sasa niliona naweza kuisema, kwa kuwa nilikuwa nimepona. Ujasiri wa aliyepona, ambao si ujasiri. Baba yao hakutoka. Alitoka Generoza, akasimama mlangoni na beseni la nguo.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. Si shemeji tena.

"Marahaba. Dada yako yupo?"

"Aliomba uhamisho. Yuko Geita tangu mwezi wa kumi na moja."

"Geita sehemu gani?"

"Hajasema tukuambie."

Nilisimama pale. Kumweleza binti wa miaka kumi na tisa habari ya kiti cha baiskeli na mwili wangu niliona haiwezekani. Nikamwachia salamu. Nikarudi Mwanza, na baada ya miaka miwili nikaoa mwanamke mwema, tukapata watoto wanne.

Jumatano hiyo ya majuzi Generoza alinipokea kwenye turubai la msiba. Ni mama mtu mzima sasa, mnene, anatembea kwa shida. Alinipa sahani ya wali na maharage, akakaa kando yangu kwenye mkeka, na wengine walipotawanyika akaniambia, bila mimi kuuliza, mambo ambayo sikuwahi kuyajua. Barua yangu ilisomwa na baba yao kwa sauti. Sababu sitaitaja. Watu wakasema ipo sababu moja tu isiyotajwa. Kisha wakasema: mtu hawezi kuacha ng'ombe wawili bure, huyu amekimbia kifo. Veneranda alikwenda kupima, akaonekana mzima, akapima tena, akawa anatembea na karatasi kwenye mkoba, lakini nani anakuomba karatasi? Hakuna anayekuuliza. Shuleni kwake walimtengea kikombe cha bati, na wenzake wakanywea vya udongo. Ndiyo akaomba uhamisho, na uvumi ukavuka naye. Aliolewa akiwa na miaka arobaini na mmoja, na mzee mmoja aliyehitaji wa kumuuguza. Mtoto hakupata.

"Alikuwa akiniuliza kila mara," Generoza akasema. "Alisikia nini? Nani alimwambia? Mpaka mwezi uliopita, akiwa kitandani, ameniuliza. Sasa mimi nakuuliza wewe. Ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kiti, ganzi, mizizi, tabibu, mchanga wa Bahati. Sentensi yangu ya miaka thelathini na sita ilitoka na haikuwa ndefu. Generoza alisikiliza akiwa ameshika ncha ya khanga. Mtu alipita akatusalimia, hakuna aliyeitikia.

"Miaka yote hii nimemchukia mtu mkubwa," akasema mwishowe. "Mtu aliyejua jambo zito. Leo unaniletea kiti cha baiskeli."

"Nisamehe."

"Unajua angefanya nini ungemwambia? Angecheka mpaka majirani wakaja. Halafu angekushonea mto."

Akalia. Mimi pia. Tulilia kama watu wa msiba, hakuna aliyetushangaa.

Alasiri alinisindikiza hadi njia ya kwenda gatini, polepole, kwa ajili ya magoti yake. Nilidhani ataniomba nisirudi tena. Badala yake aliniuliza kama bado naandika, maana zamani niliandikia magazeti ya shule hadithi ndogondogo. Nikasema kidogo.

"Basi liandike hilo. Lote. Jina lake ulitaje, na kwamba alikuwa mzima."

"Gene, watu watanicheka."

"Wakucheke," akasema. "Waliomtengea kikombe bado wako hai, na kusoma wanajua. Wewe watakucheka tu. Yeye walimwogopa."